Taa ya Marehemu Adusei

Agogo, 20 Agosti 2008

Mpwa wangu Afua Birago,

Kabla ya yote pokea salamu za ukoo mzima. Mama yako ni mzima, na goti lake limepoa tangu aache kugombana na ngazi za kanisani. Mkuu wetu wa ukoo, Abusuapanin Oduro, anakusalimu na anauliza utaolewa lini. Nimemwambia swali nitalifikisha. Nimelifikisha.

Najua una simu. Mimi pia ninayo, iko kabatini. Mtu aliyekuwa mkuu wa posta miaka thelathini na moja hawezi kuisaliti posta kwa kupigia kelele kidude cha mfukoni. Nisipoandika mimi, nani ataandika?

Sasa la maana. Ile Opel ya marehemu kaka yangu, mjomba wako Adusei, imewasha taa ya njano kwenye dashibodi, ile yenye mchoro wa injini. Inawaka tangu Jumapili ya tarehe 10. Gari linatembea, ila linakohoa likipanda kilima cha sokoni. Ungedhani ni jambo la fundi. Limeshakuwa jambo la ukoo. Abusuapanin alikaa ndani ya gari saa moja na nusu akiitazama taa, kisha akashuka akasema, "Adusei hajaridhika." Basi tangu siku hiyo sina amani. Watu wanakuja kuiangalia kwa zamu. Mama Serwaa aliiuliza kama mahindi ya mwaka huu yatakubali. Taa haikuzima, naye akachukulia kuwa yatakubali, akaenda zake ameridhika.

Uamuzi umetolewa. Tarehe 31 Januari, Jumamosi, tunafanya kumbukumbu ya mwaka mmoja wa kifo chake. Abusuapanin ataliwasha gari mbele ya wote. Taa ikiwa imezima, gari ni langu. Ikiwa inawaka, Adusei amenikataa, na gari linakwenda kwa binamu yako Yaw Dankyi, ambaye keshasema analigeuza teksi. Teksi, Afua! Kiti alichokikalia kaka yangu miaka kumi na miwili kipakie mbuzi wa watu!

Wewe ndiye fundi umeme wa magari pekee tuliye naye. Nitibie taa hii.

Halafu, siku ya mazishi ulikuwa wapi? Nimeshakuuliza mara mbili.

Mjomba wako,
Kwadwo Amponsem
Mkuu wa Posta (mstaafu)


Tamale, 1 Septemba 2008

Wofa Kwadwo,

Mjomba wangu, nakusalimu kwa heshima zote, wewe na nyumba nzima. Huku tunashukuru, joto tu ndilo linatukaanga. Bosi wangu, Alhaji Fuseini, anakusalimu. Anasema kati ya wateja wote wa gereji yetu wewe ndiye wa kwanza kuleta ugonjwa wa gari kwa barua.

Mwambie Abusuapanin taa hiyo haina habari na roho ya mtu. Inawashwa na kompyuta ya gari ikiona kitu hakiendi sawa. Na kompyuta ukiiuliza vizuri inajibu. Fanya hivi: chini ya dashibodi, upande wa abiria, kuna soketi ndogo yenye matundu kumi. Chukua kibanio cha karatasi, najua unavyo tele, kinyooshe, kisha unganisha tundu A na tundu B. Washa swichi, ila injini usiiwashe. Taa itaanza kukonyeza. Konyezo moja, kituo, makonyezo mawili: hiyo ni kumi na mbili. Itairudia mara tatu. Hiyo ni salamu yake, bado haijasema neno. Baada ya hapo ndipo itasema ugonjwa. Hesabu, uniandikie.

Na tafadhali watu wasiulize maswali mengine wakati huo.

Mpwa wako,
Afua


Agogo, 10 Septemba 2008

Afua mpwa wangu,

Barua yako ya tarehe 1 imenifikia tarehe 9. Siku nane! Sisemi kitu. Mama yako mzima. Abusuapanin anakumbushia lile swali lake.

Nimefanya kama ulivyoagiza, tukiwa na mashahidi watano. Kwa kweli nimelipenda gari hili zaidi kuliko zamani. Linasalimia mara tatu kabla ya kusema shida yake! Vijana wa siku hizi wanaingia ndani mwa mtu na shida mkononi, hata hujambo hakuna.

Baada ya salamu lilikonyeza mara nne, likapumzika, likakonyeza mara nne tena. Arobaini na nne. Mara tatu. Nimeiandika kwenye karatasi, mashahidi wametia sahihi, nami nikaigonga mhuri wangu wa zamani ambao sikupaswa kuondoka nao. Nakala naiambatisha.

Yaw Dankyi alikuwepo. Alisema arobaini na nne ni namba ya teksi yake ijayo. Nilimwambia atoke kwenye gari la kaka yangu.

Mjomba wako


Tamale, 17 Septemba 2008

Wofa,

Mhuri nimeuona. Alhaji ameubandika ukutani.

Sasa sikiliza. Kwenye bomba la moshi, karibu na injini, kuna kitu chenye umbo la plagi, kinaitwa sensa ya oksijeni. Kazi yake ni kuonja moshi. Ikikuta hewa nyingi imepita bila kuungua, inaiambia kompyuta: ongeza petroli. Ikikuta kidogo mno, inasema: punguza. Arobaini na nne maana yake sensa inalalamika hewa imezidi, na inalalamika bila kupumzika. Gari lenyewe ni la mwaka tisini na sita. Sensa imezeeka, imeanza kusema uongo. Ndivyo zinavyokufa.

Nimeagiza mpya kutoka Suame, kwenye gereji za Kumasi; dereva wa basi la Kumasi, anaitwa Bukari, atakuletea pamoja na barua hii. Fundi wako wa hapo aifunge injini ikiwa ya vuguvugu, halafu achomoe betri kwa dakika kumi ili kompyuta isahau. Taa itazima. Gari litakuwa lako na Yaw atatafuta teksi yake kwingine.

Afua


Agogo, 26 Septemba 2008

Mpwa wangu,

Salamu kwa Alhaji. Mimi mwenyewe sina raha.

Sensa ilifungwa Ijumaa ya tarehe 19. Taa ikazima. Nilizunguka mji mzima nikipiga honi. Abusuapanin alivua kofia. Nililia, Afua, hadharani, mbele ya muuza ugali wa kenkey, na sikujali.

Jumapili jioni ikawaka tena. Tarehe 21. Arobaini na nne, ileile.

Abusuapanin amerudisha kofia kichwani. Amesema hata kiungo kipya cha Kizungu kimeshindwa kumtuliza Adusei. Yaw Dankyi alisubiri niwe kanisani, akaja akapaka madigadi ya mbele ya kushoto rangi ya machungwa, kama teksi zote. Madigadi moja tu, rangi ilimwishia. Sasa watu wananisimamisha njiani. Jana nilimpeleka mama mmoja kliniki kwa sababu aliingia tu akakaa, nami nikaona aibu kumshusha.

Fikiri tena, mwanangu. Muda unakwenda.

Mjomba wako


Tamale, 7 Oktoba 2008

Wofa Kwadwo,

Tuache goti la mama kwanza. Nimekasirika, si na wewe, na hilo gari.

Sensa mpya haifi kwa siku mbili. Kwa hiyo ama waya umeliwa na panya, ama bomba la moshi limepasuka linavuta hewa ya nje, ama kuna kitu hukiniambii. Naomba unijibu moja moja. Petroli unanunua wapi? Unanunua kiasi gani kwa mara moja? Kuna mtu anatia kitu kingine kwenye tanki, dawa yoyote ile, maji ya baraka, chochote?

Nakutumia mita yangu ya umeme kwa Bukari. Ni mita yangu mwenyewe, usimpe Yaw aishike. Waya mweusi weka kwenye chuma cha injini, mwekundu kwenye waya wa sensa. Injini ikiwa imepata moto, mshale ucheze: kutoka sehemu moja ya kumi ya volti hadi sehemu tisa, huku na huku, bila kutulia. Ukicheza, sensa ni nzima. Ukilala chini, sensa inaonja hewa tupu. Pima siku kadhaa, uandike na tarehe. Tarehe usisahau.

Afua


Agogo, 11 Novemba 2008

Afua,

Hali ya hewa hapa ni nzuri. Natumaini na ya Tamale ni nzuri. Je, mvua imeshakatika huko? Mama yako anasema imekatika.

Naomba radhi kwa kuchelewa. Nilikuwa napima. Majibu haya hapa:

Tarehe 18 Oktoba, mshale unacheza, na taa imezima yenyewe. Tarehe 25, unacheza. Tarehe 30, unacheza vizuri sana, nilimwita Abusuapanin aje aone. Tarehe 3 Novemba, umelala chini kabisa, taa inawaka, gari linakohoa. Tarehe 8, umelala. Leo umeanza kuinuka kidogo.

Petroli nanunua kituo cha karibu na posta, galoni moja moja, kama mtu mwingine yeyote. Panya hakuna. Bomba la moshi ni zima, nililipaka sabuni nikatafuta mapovu.

Maswali yako mengine nimeyasoma.

Yaw ameandika neno "Subira" kwenye kioo cha nyuma, kama teksi. Nimelifuta. Amelirudia.

Mjomba wako


Tamale, 25 Novemba 2008

Wofa Kwadwo,

Natumaini umekaa unaposoma barua hii.

Nilichukua tarehe zako nikaziandika kwa chaki ukutani, pembeni ya mhuri wako. Taa imewaka tarehe 10 Agosti. Imewaka 21 Septemba. Na kabla ya 3 Novemba, siku ya Jumatatu, ilikuwa 2 Novemba, Jumapili. Alhaji alipita na kikombe chake cha chai, akatazama, akacheka. Akasema, "Afua, hili gari linaumwa Jumapili tu. Ni Mkristo?" Nikahesabu. Arobaini na mbili. Halafu arobaini na mbili tena.

Nimekaa huku miaka saba, huku hawaihesabu Akwasidae, ile Jumapili yetu ya kila siku arobaini na mbili, nami nilikuwa nimeshaisahau. Niliona aibu peke yangu. Mwashanti mzima nahesabia siku arobaini na mbili kwenye vidole na sijui ninachohesabu! Hakuna sensa duniani inayojua sikukuu ya kuwalisha waliotutangulia. Mtu ndiye anayeijua.

Mjomba, siku ya Akwasidae unatia shinapsi, kile kinywaji kikali cha tambiko, kwenye tanki.

Sikucheki. Nakueleza tu kinachotokea. Galoni moja ya petroli, chupa nzima ya kinywaji. Kinywaji chenyewe zaidi ya nusu ni maji. Moto unakosa kushika, hewa inatoka kwenye bomba bila kuungua, sensa inaionja na kupiga kelele. Haijasema uongo hata siku moja. Hata ile ya zamani tuliyoing'oa ilikuwa nzima. Nimeing'oa sensa iliyokuwa inasema kweli, na ndiyo kazi yangu! Hilo linanikera kuliko yote.

Akwasidae ijayo ni tarehe 14 Desemba, na nyingine ni 25 Januari, siku sita kabla ya kumbukumbu. Ukimimina siku hiyo, gari limekwenda kwa Yaw. Mwagia chini, mjomba, kama watu wote. Ardhi si ipo?

Afua


Agogo, 5 Januari 2009

Afua mpwa wangu,

Heri ya mwaka mpya. Mama yako anakushukuru kwa kitambaa. Barua yako ilifika tarehe 3 Desemba, na imekaa mezani mwezi mzima kwa sababu yangu, si kwa sababu ya posta. Naomba hilo lieleweke.

Ni kweli. Ni mimi.

Ulijua kwamba mimi na Adusei hatukusemezana miaka tisa. Sababu hujui, hakuna aijuaye. Mwaka tisini na tisa, yeye akiwa dereva Kumasi, ilikuja barua posta yangu. Mwandiko wake naujua hata gizani. Ilikuwa imeandikwa jina langu. Stempu ilikuwa haitoshi. Kanuni inasema nini, Afua? Kanuni inasema barua irudi. Nami nilikuwa na kijana mpya kaunta, ananitazama nifanye nini. Nikaigonga mhuri, nikairudisha kwake. Barua yangu mwenyewe! Nilisema moyoni, ataongeza stempu, ataituma tena, tutacheka.

Hakuituma tena. Aliponiona kwenye misiba alipitisha macho juu ya kichwa changu. Alipokufa nilipekua vitu vyake vyote, sikuikuta. Sijui aliniambia nini.

Sasa nimwagie wapi? Chini? Nyumbani kwa nani? Adusei hakukaa nyumbani maisha yake yote, alikaa kwenye Opel. Akwasidae ya kwanza baada ya mazishi nilimimina kifuniko kimoja kwenye tanki, nikajiona mjinga, hakikutokea kitu. Mwezi Juni nikasema, miaka tisa hailipiwi kwa kifuniko. Nikatia chupa nzima. Taa ikawaka kidogo, ikazima. Agosti nikatia tena. Taa ikawaka, ikakaa.

Miaka tisa, Afua, ndiyo mara ya kwanza ananijibu.

Abusuapanin anasema taa ikiwaka amekasirika. Na akasirike! Aliyekasirika anasema nawe. Mimi nilitaka taa izime ili gari lisiende, na nilitaka iwake. Tarehe 14 Desemba nilisimama na chupa mpaka mkono ukafa ganzi. Nikatia.

Usimwambie mtu. Na Alhaji aufute ukuta.

Mjomba wako,
Kwadwo


Tamale, 12 Januari 2009

Wofa,

Alhaji ameufuta mwenyewe, kwa kofia yake.

Sina maneno mazuri, nina ya kifundi tu. Tarehe 25 usitie. Jaza petroli safi, tanki zima safari hii, si galoni. Endesha kila siku. Gari likienda kwa Yaw hutakuwa hata na mahali pa kumimina. Vumilia Jumapili moja.

Afua


Agogo, 9 Februari 2009

Mpwa wangu,

Mama yako mzima. Wote wazima. Ulitazamiwa, hukuja. Kiti chako alikalia mjukuu wa Mama Serwaa.

Sikutia. Jumapili ile nililala chumbani nimefunga mlango na chupa ikiwa chini ya kitanda cha mama yako, maana sikujiamini.

Siku ya kumbukumbu watu walijaa uani, wamevaa nyeusi na nyeupe. Abusuapanin aliingia ndani ya gari na msemaji wake na Yaw Dankyi na mashahidi wawili, wakabanana mpaka milango haikufungika. Akawasha. Taa zote ziliwaka, ua wote ukaguna, halafu zikazima zote, na ile ya njano ikazima nayo. Wakangoja. Wakaizunguka nyumba kwa gari mara saba. Haikuwaka. Abusuapanin akashuka, akasema, "Adusei ameridhika. Amekwenda kupumzika. Gari ni la Kwadwo." Wanawake wakapiga vigelegele. Yaw alinikumbatia, si mtu mbaya, akaniuliza kama ninahitaji dereva.

Basi gari ni langu. Hati imegongwa mhuri.

Siku tisa sasa nakaa kwenye kiti chake kila asubuhi. Nawasha. Injini inanguruma vizuri, hata kilima cha sokoni halikohoi tena. Natazama pale mahali pa taa. Pako giza. Nimemwambia kuhusu kumbukumbu, nani alikuja, nani alikula sana. Kimya. Abusuapanin amesema amekwenda, na mimi ndiye niliyemfukuza, kwa petroli safi.

Nami sitaki kulitilia tena kinywaji, maana najua ulivyonieleza, ni maji tu na moto uliokosa kushika. Umenielewesha vizuri mno, Afua. Nisingejua ingekuwa afadhali.

Nina swali la kifundi. Ile sensa, inaweza kuharibika kweli? Yaani ife yenyewe, isipone, taa iwake tu bila mtu kutia kitu?

Mjomba wako


Tamale, 17 Februari 2009

Wofa Kwadwo,

Nimeisoma barua yako mara nne, ya mwisho nikiwa chini ya gari la mteja ili wasinione.

Inaweza. Ninayo moja hapa mkononi. Imetoka kwenye teksi ya stendi yetu, imekufa kwa uzee, kifo halali kabisa. Nimeipima mara tatu, mshale haushtuki. Nyuzi zake za skrubu ni sawa na za Opel. Ukiifunga, taa itawaka siku zote na gari litakunywa petroli nyingi kuliko inavyostahili. Fundi mwenye akili timamu hawezi kufanya jambo hilo. Alhaji ameniuliza kama nimelogwa. Nilipomweleza, akanipa ruhusa ya siku tatu.

Sitaituma kwa Bukari. Naileta mwenyewe, Jumamosi ya tarehe 7 Machi.

Umeniuliza mara nyingi siku ya mazishi nilikuwa wapi. Nilipanda basi. Nikafika Kintampo, katikati ya njia, nikashuka, nikakaa kwenye benchi la wauza mayai, nikapanda basi la kurudi. Na siku ya kumbukumbu hata kupanda sikupanda. Wofa Adusei ndiye aliyenifungulia boneti ya kwanza maishani mwangu, nikiwa na miaka tisa, akaniambia nisikilize. Nilijua nikiingia uani nitaiona Opel imeegeshwa na yeye hayumo. Sikuweza. Nimejifanya nina kazi mwaka mzima.

Neno moja tu la ufundi kabla sijafika. Taa inayowaka na kuzima unaweza kuichukua kama jibu. Hii haitazima. Itawaka ukimsemesha na itawaka usipomsemesha, itawaka hata Yaw akikaa hapo. Hutajua tena lini anakujibu. Lifikirie hilo vizuri, mjomba. Ukiona bado unaitaka, egesha gari kivulini, nipate kuingia chini yake.

Afua


Agogo, 25 Februari 2009

Afua,

Gari liko kivulini. Njoo.